Deni la Msikilizaji: Staha ya Darasani na Ubaguzi wa Kijinsia katika Siasa

Adabu ya majadiliano imezoeleka kuelezwa kwa upande wa anayesema. Huulizwa atumie maneno gani, apandishe sauti kwa kiasi gani, asubiri zamu yake kwa muda gani, na hata avae nini anaposimama mbele ya wenzake. Lakini ni nadra kuulizwa anayesikiliza anadaiwa nini, kana kwamba kusikia ni kazi ya masikio tu, isiyo na wema wala dhuluma ndani yake. Makala haya yanashikilia rai tofauti: kwamba staha katika mjadala, uwe wa darasani au wa bungeni, ni deni la msikilizaji kabla ya kuwa deni la msemaji, na kwamba ubaguzi wa kijinsia katika siasa hupata nguvu zake nyingi pale deni hilo linapohamishwa lote na kutwishwa msemaji mwanamke. Kwa ubaguzi wa kijinsia inakusudiwa hapa ile jumla ya imani, desturi na taratibu zinazompunguzia mtu hadhi, fursa au kuaminika kwa sababu ya jinsia yake, hata pale ambapo hakuna mtu mmoja anayeweza kutajwa kuwa ndiye aliyekusudia kumdhulumu.

Mwanafalsafa Kate Manne, katika kitabu chake cha mwaka 2017, alitenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. La kwanza ni itikadi, yaani fungu la mawazo linalohalalisha nafasi ya chini ya wanawake kwa kudai kuwa ndivyo maumbile au mila zilivyotaka. La pili ni nguvu ya kuadhibu, ambayo humshukia mwanamke anayeonekana kuivuka nafasi hiyo, hata kama wanaomwadhibu hawaamini hata kidogo kwamba wanawake ni duni. Tofauti hiyo ina faida kubwa kwa anayetaka kuelewa mabunge ya Afrika Mashariki, kwa sababu humo itikadi yenyewe haisemwi wazi tena. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa, na Katiba ya Tanzania inaweka viti maalumu vya wanawake visivyopungua asilimia 30 ya wabunge. Kwa maandishi, basi, swali limekwisha. Kinachobaki ni ile nguvu ya pili, nayo imejifunza kuzungumza kwa lugha ya staha.

Mifano ipo ya kutosha, na inafanana kiasi cha kutia wasiwasi. Mwezi Agosti 2019 Zuleikha Hassan, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliamriwa kutoka katika ukumbi wa Bunge la Kenya kwa sababu aliingia na mtoto wake mchanga wa miezi mitano, ingawa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, iliyopitishwa na Bunge hilohilo, iliwataka waajiri watenge mahali pa mama kunyonyeshea. Mwezi Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa katika Bunge la Tanzania baada ya mbunge mwenzake wa kiume kulalamika kwamba suruali aliyovaa haikuwa ya heshima. Mwezi Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba alitakiwa aondoke katika Seneti ya Kenya, akabadilishe nguo ndipo arudi, kwa kuwa suruali yake nyeupe ilikuwa na doa jekundu, naye alikuwa akipigania taulo za kike za bure kwa wanafunzi na kupinga unyanyapaa wa hedhi. Katika kila tukio aliyetoa amri alitaja kanuni, utaratibu au hadhi ya ukumbi. Hakuna aliyesema kuwa mwanamke hafai kuwa mbunge. Wala haikuwa kazi ya wanaume peke yao, kwani katika kisa cha Orwoba miongoni mwa waliolalamika alikuwamo seneta mwanamke, jambo linaloonyesha kwamba anayelinda mpaka wa staha si lazima awe ndiye aliyefaidika ulipochorwa.

Pengine itasemwa kwamba kila bunge lina kanuni za mavazi na kwamba wanaume pia hutolewa nje kwa kutovaa ipasavyo. Ni kweli. Lakini kinachohitaji kutazamwa si kama kanuni ipo, bali ni nini kinachotokea kwa hoja ya mtu mara kanuni inapotajwa. Mwanamume anayeambiwa akavae tai hurudi na hoja yake ikiwa palepale ilipokuwa. Mwanamke anayetolewa kwa sababu ya mtoto, suruali au doa hurudi akiwa yeye ndiye hoja: mwili wake unajadiliwa magazetini kwa majuma, na lile alilotaka kulisema, liwe malezi ya watoto kazini au taulo za wasichana, linakuwa maelezo ya pembeni ndani ya habari ya tabia yake.

Utaratibu huu una umri. Mwaka 1989 Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, aliyotunukiwa mwaka 1971, alipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Hoja yake ilihusu ardhi ya umma, mkopo ambao wananchi wangeulipa, na haki ya wakazi wa jiji kupata mahali pa kupumzikia. Zilikuwa hoja zinazoweza kupimwa na kujibiwa kwa takwimu. Wabunge walimjibu kwa kuitaja talaka yake, na Rais Daniel arap Moi akaeleza hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila ya Kiafrika inafaa awaheshimu wanaume na anyamaze. Jengo halikujengwa hatimaye, kwa kuwa waliotarajiwa kuligharimia walijitoa, lakini jambo la kuzingatiwa hapa ni sura ya jibu lenyewe. Msomi aliwasilisha hoja kuhusu ardhi, naye akapewa hukumu kuhusu adabu, na waliotoa hukumu hiyo hawakuona kwamba walikuwa hawajajibu chochote.

Miranda Fricker, katika kazi yake ya mwaka 2007 kuhusu uhusiano wa maarifa na haki, ameliita jambo la namna hii kwa jina linaloweza kufasiriwa kuwa dhuluma ya ushuhuda, yaani hali ambapo msikilizaji, kwa sababu ya chuki au dhana aliyonayo kuhusu kundi fulani, humpa msemaji imani pungufu kuliko anayostahili. Madhara yake ni ya namna mbili. Jamii hupoteza maarifa ambayo ingeyapata kama ingemwamini msemaji. Na msemaji mwenyewe hudhurika katika utu wake, kwa kuwa uwezo wa kutoa na kupokea sababu ni sehemu ya kile kinachomfanya mtu kuwa mtu. Nguvu ya maelezo ya Fricker ni kwamba yanaiweka dhuluma mahali inapotendeka hasa, yaani ndani ya usikivu. Msemaji anaweza kuwa mpole, mwenye vielelezo, aliyevaa kama inavyotakiwa, na bado asisikiwe. Basi kumwongezea mafunzo ya adabu ni kutibu mkono ilhali ugonjwa uko mguuni.

Rai hii haikuletwa Afrika Mashariki na wanafalsafa wa leo. Waislamu wa pwani wanaifahamu Sura ya 58 ya Kurani, Al-Mujadila, ambayo imepata jina lake kutokana na mwanamke aliyejadiliana na Mtume. Wafasiri wanamtaja kuwa ni Khaula binti Thaalaba, ambaye mumewe, Aus bin Samit, alimtamkia maneno ya talaka ya kijahiliya yaliyomfananisha na mgongo wa mama yake, talaka iliyomwacha mke bila kuwa mke na bila kuwa huru. Khaula alikwenda kulalamika, hakuridhika na jibu la kwanza, akarudia na kurudia, mpaka wahyi ukashuka kumpa haki na kumwekea mume kafara: kumwacha huru mtumwa, au kufunga miezi miwili mfululizo, au kulisha masikini sitini. Bi Aisha amepokewa akisema kwamba alikuwa karibu na hapo, na bado baadhi ya maneno ya mama huyo hayakumfikia, ilhali Mungu aliyasikia. Anayeisoma sura hiyo kwa makini atatambua kwamba Khaula hakukemewa kwa kubishana. Uzito wote umewekwa juu ya kusikiwa kwake.

Kisa kinacholingana na hicho kimo katika Biblia, Kitabu cha Hesabu sura ya 27, ambapo binti watano wa Selofehadi, aliyekufa bila mtoto wa kiume, walisimama mlangoni pa hema la kukutania mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakadai urithi wa baba yao. Musa hakuwauliza ni nani aliyewaruhusu kusimama hapo. Aliipeleka hoja yao mbele ya Mungu, na jibu likawa kwamba wamesema kweli, na sheria ya urithi ikabadilishwa kwa ajili yao na kwa ajili ya wengine baada yao. Ni haki kuongeza kwamba katika sura ya 36 wanaume wa ukoo walirudi na pingamizi, na binti hao wakawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila lao. Ushindi wa wanawake, tangu zamani, umekuwa na tabia ya kufuatwa na masharti. Hata hivyo, visa vyote viwili vinashuhudia kwamba katika chimbuko la dini ambazo watu wengi wa eneo hili wanazifuata, kuna picha ya mamlaka inayonyamaza ili mwanamke asikiwe, na anayetumia dini kuwanyamazisha wanawake anapaswa kueleza ameiweka wapi picha hiyo.

Hapa pana pingamizi linalostahili kujibiwa kwa urefu. Inaweza kudaiwa kwamba staha haiwezi kubeba mzigo mkubwa hivi, kwamba kazi yake ni ndogo na ya lazima: kuwawezesha watu wanaodharauliana waendelee kuzungumza bila kupigana. Mwananadharia wa siasa Teresa Bejan, katika kitabu chake cha mwaka 2017, ameitetea staha ya namna hiyo kwa kumrejelea Roger Williams, mhubiri wa karne ya 17 aliyefukuzwa katika koloni la Massachusetts na kuanzisha makazi ya Providence mwaka 1636. Williams aliwaona wengi wa majirani zake kuwa wapotofu wa kidini na aliwaambia hivyo bila kuficha. Lakini hakutaka wafukuzwe wala wanyimwe nafasi ya kujibu. Staha yake, kwa hiyo, haikudai upendo wala heshima ya moyoni. Ilidai tu kwamba mazungumzo yasikatike. Kuna hekima katika msimamo huu, hasa kwa nchi ambazo serikali hupenda kuitumia adabu kama sababu ya kuwafunga wakosoaji. Lakini msimamo huo unachukulia kwamba kila anayezungumza anapata walau kuaminika kwa kawaida, na hapo ndipo unapopungukiwa. Mbunge wa viti maalumu anaweza kupewa dakika zake zote bila kukatizwa, na bado ukumbi mzima ukasubiri amalize ili mjadala uendelee. Nchini Kenya wawakilishi wa wanawake wa kaunti 47 wamewahi kuitwa wasichana wabeba maua, kama wale wanaotangulia mbele ya bibi harusi. Jina kama hilo halimzuii mtu kusema, ila humwondolea neno lake uzito kabla hajafungua kinywa. Mazungumzo hayajakatika, ila hayajaanza.

John Stuart Mill alikaribia zaidi kiini cha jambo hili. Mwishoni mwa sura ya pili ya kitabu chake kuhusu uhuru, kilichotoka mwaka 1859, alitambua kwamba matusi na ukali wa lugha havina madhara sawa pande zote: vinapotoka kwa wenye rai inayotawala huwaogopesha watu wasiseme walilonalo na wasiwasikilize wanaolisema, lakini vinapotoka kwa wachache wasio na nguvu madhara yake makubwa huwaangukia wao wenyewe. Kwa hiyo, kama ni lazima kuchagua upande wa kuusisitizia upole, upande huo ni ule wenye nguvu. Mill hakuishia kwenye nadharia. Akiwa mbunge wa Westminster alipendekeza mwezi Mei 1867 kwamba muswada wa uchaguzi uwape kura wanawake, akashindwa, na miaka miwili baadaye akatoa kitabu chake kuhusu kutiishwa kwa wanawake. Kutoka kwake kinapatikana kipimo ambacho makala haya yanakipendekeza: ukali wa lugha upimwe kwa kuangalia kama unamfungia mwingine njia ya kusikiwa. Msemaji naye ni msikilizaji wa yaliyosemwa kabla yake, na anapotukana ili mwenzake asisikiwe tena, amevunja deni lilelile.

Kipimo hicho kinasaidia kuielewa historia moja chungu ya chuo kikuu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa kwa miaka mingi na desturi iliyoitwa Mzee Punch, ambapo waandishi wasiojulikana walibandika usiku maandishi na michoro ya kejeli kwenye kuta. Wapo walioitetea kama sauti ya wanyonge dhidi ya utawala wa chuo na wakubwa wa nchi, na kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo. Lakini kejeli hiyo iliwageukia wanafunzi wa kike: aliyekataa kutongozwa, aliyeonekana kujiona, hata aliyefanya vizuri katika masomo, aliweza kuchorwa na kusimangwa hadharani, na waliothubutu kuwa karibu naye walihofia kuchorwa pia. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa ameandamwa kwa namna hiyo alijitoa uhai. Kifo chake kilizua kilio kikubwa, na watetezi wa haki za wanawake, kikiwemo Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1987, walilifanya suala la udhalilishaji vyuoni kuwa la kitaifa.

Kisa hiki kinastahili kutafakariwa na kila anayeipenda lugha kali ya upinzani, kwa sababu chombo kilekile kilichosifiwa kwa kuwakejeli wenye mamlaka ndicho kilichomtenga msichana na watu wote ambao wangeweza kumsikiliza. Waandishi wa Punch hawakujali tofauti ya nguvu kati ya makamu mkuu wa chuo na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwao wote walikuwa ukuta mmoja wa kuchorea. Isitoshe, kutojulikana kwao kuliwaondolea wajibu wa kusikia: msichana hakuwa na wa kumjibu. Leo kuta zimehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa, ambamo picha na maneno husambazwa baada ya semina kumalizika kwa upole wa kupigiwa mfano, na mhadhiri anayejipongeza kwa utulivu wa darasa lake huenda hajui kwamba mjadala wa kweli unafanyika mahali ambapo wanawake waliozungumza asubuhi wanajadiliwa wao wenyewe.

Upande wa pili wa kipimo unaonekana nchini Uganda. Stella Nyanzi, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alikamatwa mwezi Aprili 2017 baada ya kumfananisha Rais Yoweri Museveni na makalio katika ukurasa wake wa Facebook, wakati alipokuwa akiishutumu serikali kwa kutotimiza ahadi ya kampeni ya kuwapa wasichana wa shule taulo za kike. Wasomi wa historia ya Buganda wamekumbusha kwamba ukali wa namna hii una nasaba: katika miaka ya 1940 wanaharakati wa huko walikusudia kuzivunja adabu za mialiko na salamu, kwa sababu adabu hizo ndizo zilizowafunga pamoja maofisa wa kikoloni, maaskofu na machifu, na aliyekuwa nje ya meza hiyo hakuwa na njia ya kusikiwa isipokuwa kukataa kuwa na adabu. Kwa kipimo kilichotajwa, maneno ya Nyanzi ya mwaka 2017, hata kama yanaudhi, hayakumfungia Rais njia yoyote. Aliyekuwa na redio, televisheni, polisi na mahakama hakuweza kunyamazishwa na tusi, ila wasichana wasiokuwa na taulo walipata, kwa siku kadhaa, kutajwa katika nchi nzima.

Shairi lake la mwaka 2018 ni suala gumu zaidi. Liliandikwa kumlaani Rais kwa kupitia mwili wa mama yake aliyekwisha fariki, na kwa ajili yake Nyanzi alihukumiwa mwezi Agosti 2019 kifungo cha miezi 18, mpaka Mahakama Kuu ilipoitengua hukumu hiyo mwezi Februari 2020. Kumfunga mtu kwa shairi ni dhuluma isiyohitaji kujadiliwa sana. Lakini mwanafunzi anayelisoma shairi hilo darasani ana haki ya kuuliza kwa nini, katika siasa za karibu kila nchi, anayetaka kumdhalilisha mwanamume huupitia mwili wa mwanamke ambaye hakuwa sehemu ya ugomvi. Watetezi wa Nyanzi watajibu kwamba aliishika silaha ambayo wanaume wameitumia siku zote na kuwageuzia. Jibu hilo lina uzito wake, ila haliondoi ukweli kwamba aliyekatwa na silaha hiyo, hata akiwa kaburini, ni mwanamke. Mtu anaweza kumtetea mwandishi mbele ya mahakama kwa nguvu zake zote na bado akakataa kuisifu kila sitiari yake. Na semina isiyoweza kuyashika mawili hayo pamoja bado haijaifikia kazi yake.

Lipo pia jambo linalosahauliwa na wengi wanaopigania wanawake katika siasa. Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania tarehe 19 Machi 2021, na mwanzoni mwa uongozi wake aliwajibu hadharani waliokuwa na shaka kama mwanamke ataweza, akiwakumbusha kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais. Jibu lile lilikuwa la haki. Lakini desturi ya kumwita kiongozi Mama, ambayo ina joto na upendo wa kweli katika jamii za Waswahili, inaweza kutumiwa na wapambe kwa namna nyingine, pale mkosoaji wa bajeti, wa uchaguzi au wa vyombo vya dola anapoambiwa kwamba amekosa adabu kwa mama. Kwa kufanya hivyo heshima ya mama inageuzwa kuwa ngao ya mamlaka, na jinsia inatumika tena kukwepa hoja, safari hii kwa kumficha kiongozi nyuma yake badala ya kumrushia. Kumsikiliza mwanamke kama mtu sawa na wengine ni pamoja na kumhesabia maneno na matendo yake kwa ukamilifu, na kiongozi anayesamehewa kujibu kwa sababu ni mama amepunguziwa uongozi wake, kama vile anayedharauliwa kwa sababu hiyohiyo.

Darasani mambo haya hukutana katika swali la midahalo. Shule na vyuo vya Afrika Mashariki vina desturi ya kupanga mada kama vile mwanamke anafaa au hafai kuwa kiongozi wa nchi, upande mmoja utetee na mwingine upinge, na mwishoni makofi yaamue. Kasoro ya mada hiyo ni kwamba haiwaweki washiriki mahali pamoja: wa kiume anacheza na wazo, wa kike anatetea hadhi ambayo ataondoka nayo au bila yake mlango utakapofunguliwa. Hata hivyo, kuipiga marufuku si suluhisho, kwa kuwa rai isiyosemwa katika semina huenda kusemwa ukutani, na historia ya Punch imeonyesha ukuta huzaa nini. Aidha, wapo wanafunzi wanaoamini kwa ikhlasi, kwa kutegemea hadithi iliyopokewa na Abu Bakra au waraka wa kwanza wa Paulo kwa Timotheo, kwamba uongozi si wa wanawake. Mwanafunzi huyo hajakosa adabu kwa kuleta dalili yake. Atakuwa amekosa adabu endapo ataileta kisha akaziba masikio Fatima Mernissi atakapotajwa, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1987 aliichunguza hadithi ile kwa kuuliza ilisemwa lini, ikakumbukwa lini, na ni nani aliyefaidika kwa kukumbukwa kwake. Au Malkia wa Sheba atakapotajwa, ambaye Sura An-Naml inamwonyesha akishauriana na wakuu wake kwa busara iliyowazidi. Dini haikuingia darasani ili kuyamaliza mazungumzo. Imeingia na wasomi wake, nao wana haki ya kusikiwa wote.

Elimu ya Kiislamu yenyewe ilitambua mapema kwamba kusikiliza kunahitaji kufundishwa, ndiyo maana ikawa na fani kamili ya adabu za utafiti na mjadala, ambayo Shams ad-Din as-Samarqandi, aliyeishi katika karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, aliitungia risala iliyosomwa kwa karne nyingi. Fani hiyo inawagawia majukumu muulizaji na mjibuji: muulizaji hana ruhusa ya kupinga kile ambacho hakijadaiwa, wala hawezi kuivunja hoja kabla haijathibitika kwamba ameielewa. Kinachovutia ni kwamba sheria nyingi za fani hii zinamfunga anayepokea hoja. Semina ya leo inaweza kuzirithi bila shida: anayetaka kupinga aieleze kwanza hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe akubali kwamba ndiyo aliyoisema, na hoja iandikwe ubaoni pamoja na jina la aliyeitoa, ili isije ikarudiwa nusu saa baadaye na mwanafunzi wa kiume mwenye sauti nzito na kupongezwa kama yake.

Taratibu hizi zinachukua muda, na haziwezekani katika ukumbi wa wanafunzi mia tatu wanaomsikiliza mhadhiri mmoja kwa kipaza sauti. Zinawezekana katika makundi madogo ya semina, ambayo katika vyuo vingi huongozwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu au wahadhiri wasaidizi, watu ambao asubuhi husahihisha kazi za wengine na jioni husubiri kazi zao zisahihishwe. Nafasi hiyo ya katikati ina udhaifu wake, kwani msaidizi wa kike huitwa dada na wanafunzi wanaomwita mwenzake wa kiume daktari kabla hata hajapata shahada. Lakini ndiyo nafasi pekee ambayo mtu anatawala usikivu wa kundi huku bado akikumbuka kwa mwili wake mwenyewe jinsi kutosikiwa kulivyo, naye ndiye anayegawa alama za ushiriki. Alama hizo mpaka sasa hutolewa kwa wanaosema. Hakuna kinachomzuia kuanza kuzitoa pia kwa wale ambao, baada ya kusikia, wameweza kueleza mwenzao alisema nini na kwa nini wao wamebadili, au hawakubadili, rai zao.